Meza Moja, Pensheni Mbili: Kisa cha Afisa Aliyeajiriwa Januari 2021

Kisa hiki nimekiandika mimi, mwendesha semina za maandalizi ya kustaafu, kwa ajili ya maafisa wa rasilimali watu, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na vijana wanaoingia utumishi wa umma. Wahusika wamekubali kisimuliwe. Majina si yao, wizara haitajwi, na mshahara wa msingi nimeuzungusha ukawa shilingi 40,000 kwa miaka yote ili msomaji afuate hesabu bila kikokotoo.

Usuli

Neema aliripoti kazini katikati ya jiji la Nairobi wiki ya pili ya Januari 2021. Alikuwa na miaka 28 na barua ya ajira ya kudumu yenye pensheni. Alipewa kiti mkabala na Mzee Juma, mkuu wa masijala, aliyekuwa na miaka 48 wakati huo. Walitumia meza moja, kalamu moja nyekundu na birika moja la chai. Pensheni zao ndizo zilizokuwa mbili, na kwa karibu miaka minne hakuna aliyewaambia hivyo kwa lugha ya kueleweka.

Mzee yuko chini ya mpango wa zamani, ule wa Sheria ya Pensheni, Sura ya 189. Huko mfanyakazi hachangii pensheni yake. Serikali humlipa kutoka kwenye kodi ya wananchi atakapostaafu, na kiasi hutokana na kanuni moja ambayo wazee wa ofisi wanaijua kwa moyo: sehemu moja ya 480 ya mshahara wa mwaka, mara idadi ya miezi uliyotumika. Ukichukua mshahara wetu wa 40,000, wa mwaka ni 480,000, kwa hiyo kila mwezi wa kazi unaongeza shilingi 1,000 kwenye pensheni ya mwaka. Miaka 30 ni miezi 360, nayo inaleta 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kila mwezi. Robo yake inaweza kubadilishwa kuwa mkupuo, na kinachobaki kinalipwa mwezi kwa mwezi. Sharti lake kubwa ni miaka 10 ya utumishi. Anayejiuzulu kabla hajafika kwenye umri na miaka inayotakiwa anaondoka bila pensheni.

Neema yuko chini ya mpango mpya, unaojulikana zaidi kwa herufi zake, PSSS (Public Service Superannuation Scheme, yaani skimu au mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma). Sheria yake ilipitishwa mwaka 2012, ikakaa karibu miaka 9, kisha ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Iliwachukua kwa lazima watumishi wa serikali kuu, walimu na askari waliokuwa chini ya miaka 45 siku hiyo, pamoja na kila anayeajiriwa upya kwa masharti ya kudumu. Waliofika 45 na kupita waliachiwa wachague, na Mzee alichagua kubaki alikokuwa. Hapa mfanyakazi anachangia: asilimia 2 ya mshahara wa msingi mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili, na 7.5 kuanzia wa tatu. Serikali inaongeza asilimia 15. Fedha zinaingia kwenye akaunti yenye jina la mtu, zinawekezwa, na zitakazokuwemo siku ya kustaafu ndizo zake. Hadi theluthi moja anaweza kuichukua kwa mkupuo, na nyingine inageuzwa kuwa malipo ya kila mwezi. Juu ya hayo, serikali inamkatia kila mwanachama bima ya maisha isiyopungua mara tano ya mshahara wake wa mwaka. Kwa Neema hiyo ni shilingi 2,400,000, na alikuwa hajawahi kuisikia.

Wenzangu wengi huwaeleza vijana tofauti moja tu, kwamba zamani hamkukatwa na sasa mnakatwa. Hiyo ndiyo ndogo. Kubwa ni kwamba katika mpango wa zamani miaka ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa sababu mshahara wa mwisho ndio unaozidishwa. Ukipandishwa cheo ukiwa na miaka 57, utumishi wako wote unapanda nawe. Katika mpango mpya miaka ya mwanzo ndiyo yenye uzito, kwa kuwa shilingi iliyoingia mapema ina muda mrefu wa kuzaa. Ushauri wa busara kabisa kwa Mzee unaweza kumpotosha Neema vibaya, na Mzee asiwe amesema uongo hata mmoja.

Yaliyotokea

Mwaka 2021 ulipita kimya. Shilingi 800 kwenye pesilipu hazikumuumiza mtu. Mwaka 2022 zikawa 2,000, na katikati ya mwaka huo Neema akahamishwa kutoka idara moja kwenda nyingine, ingawa alibaki jengo lile lile na, kwa bahati, meza ile ile. Mwaka 2023 makato yakafika 3,000. Julai ikaja tozo ya nyumba ya asilimia 1.5. Neema alikuwa pia na mkopo wa chama cha akiba. Anasema ndipo alipoanza kuichukia ile mistari ya pesilipu: "Nilikuwa naiona pensheni kama jirani anayekopa sukari kila siku na harudishi."

Septemba 2024 shirika moja lisilo la serikali, lenye ofisi Kilimani, lilimpa kazi. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, mshahara ukizidi wa serikali kwa karibu nusu, na alitakiwa kujibu ndani ya wiki mbili.

Alimwendea Mzee kwanza. Alimwita "Baba" kama alivyozoea, akamweleza. Mzee hakufurahi.

"Binti yangu, una miaka mingapi hapa? Mitatu na kitu. Vumilia ifike kumi. Ukitoka sasa unatoka mikono mitupu, na hiyo pesa yote waliyokukata unaiachia serikali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Alisema kwa mapenzi. Mwenyewe aliwahi kumwona rafiki yake akijiuzulu mwaka wa tisa kwenda kufungua duka, duka likafa, na pensheni hakuna. Kwa mpango wa Mzee, kutoka mapema kweli ni kutoka mikono mitupu.

Neema akaandika barua ya kuikataa kazi ya Kilimani. Aliihifadhi kwenye kompyuta Jumatano jioni, akakusudia kuituma Ijumaa.

Alhamisi mchana nilikuwa na semina fupi ofisini kwao kuhusu maandalizi ya kustaafu. Nakiri kwamba nilianza vibaya. Nusu saa nzima nilieleza mpango wa zamani kwa sababu waliojaa viti vya mbele walikuwa na mvi. Vijana walikuwa nyuma wakitazama simu. Nilipofika kwenye mpango mpya nilitaja kwa kupita kwamba anayeondoka kabla ya kustaafu hapotezi akiba yake. Neema akainua mkono. "Samahani, hata kama hujafika miaka kumi?" Mzee, aliyekuwa safu ya pili, aligeuka akamtazama, kisha akanitazama mimi kama mtu aliyeambiwa nyumba yake haina mlango.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoituma ile barua. Jioni hiyo tulikaa watatu kwenye mkahawa karibu na Kencom. Nilimwambia Neema asiamue kwa neno langu kama ambavyo hakupaswa kuamua kwa neno la Mzee. Aombe taarifa ya akaunti yake, na kabla haijafika apige hesabu yake mwenyewe kutoka kwenye pesilipu, ili awe na kitu cha kulinganisha.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Hadi mwisho wa Septemba 2024, yeye alikuwa amechanga 9,600 mwaka 2021, 24,000 mwaka 2022, 36,000 mwaka 2023 na 27,000 kwa miezi tisa ya 2024. Jumla 96,600. Serikali, kwa 6,000 kila mwezi miezi 45, ilipaswa kuwa imeweka 270,000. Michango yote pamoja ni 366,600, faida ya uwekezaji bado. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hakujua kwamba kwa kila shilingi yake mbili za sasa kuna nne za mwajiri.

Taarifa ilipofika, michango ilisoma 342,600.

Hapa ndipo Mzee aliporudi kwenye kisa hiki kwa nafasi yake halisi. Alichukua rula ya mbao, akaiweka chini ya mstari wa kwanza wa taarifa, akaanza kuishusha mwezi kwa mwezi huku Neema akimsomea pesilipu. Januari ipo. Februari ipo. Kila mwezi uliolingana aliutia nukta nyekundu pembeni. Rula ilipofika katikati ya 2022 ilisimama: baada ya Julai ulikuja Novemba. Agosti, Septemba na Oktoba hazikuwepo, za Neema wala za mwajiri. Miezi mitatu mara 8,000 ni zile 24,000 zilizopungua. Ndiyo miezi iliyofuata uhamisho wake, na kwenye pesilipu zote tatu alikuwa amekatwa.

Ajabu ni kwamba Neema hakuwa na pesilipu hizo. Alizoea kuziangalia mtandaoni na kuzifunga. Mzee ndiye aliyekuwa ameshikilia kijana wa ofisi azichapishe kila mwezi kwa kila mtu wa ile meza, akazitoboa na kuzifunga kwa kamba ya kijani ndani ya jalada la kahawia, "kwa sababu karatasi haisahau". Vijana walikuwa wakimcheka. Katika pesilipu ya Agosti 2022 aligundua kitu ambacho mimi nisingekiona: nambari ya ajira ilikuwa na tarakimu mbili zilizopishana. Mtu fulani aliyeingiza uhamisho alikosea, na michango ya miezi mitatu ilikwenda kwenye rekodi isiyo na mwenyewe.

Uamuzi wa pili ukawa wa muda. Neema aliomba shirika la Kilimani limpe mwezi mmoja zaidi, likakubali. Sababu yake ilikuwa ya kivitendo: mtu akiwa bado kazini anaweza kusimama mbele ya dawati la mishahara na kitambulisho cha ofisi shingoni, lakini akishaondoka anakuwa mwananchi wa foleni. Aliandika barua ya kudai marekebisho, akaambatanisha nakala za pesilipu na ya barua ya uhamisho, akapiga mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Mhuri ulikuwa wazo la Mzee.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mgumu zaidi, nao ulihusu nyumbani. Mume wa Neema aliposikia kuna laki tatu na ushei alikumbuka kiwanja cha Joska, nje ya Nairobi, walichotaka kununua. Bei ilikuwa inapanda, alisema, na pensheni ni karatasi tu. Hoja yake si ya kipuuzi. Familia nyingi za Nairobi zimejenga kwa njia hiyo. Lakini kanuni za malipo ya uzeeni haziruhusu anayeondoka mapema kubeba kila kitu: sehemu inatolewa, nyingine inafungwa hadi umri wa kustaafu. Kuna pia njia ya kuhamisha akiba yote kwenda skimu ya mwajiri mpya au mfuko wa mtu binafsi uliosajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia sekta hiyo.

Nilimfanyia Neema mfano mmoja. Zile 24,000 zilizopotea, zikipata faida ya asilimia 8 kwa mwaka kwa miaka 30 hadi afikishe 60, zinakuwa kama 241,000. Asilimia 8 nilichagua mimi kwa mfano, na bei za vitu nazo zitakuwa zimepanda. Ila alipoona makosa ya tarakimu mbili yanaweza kuwa na thamani hiyo, aliliangalia lile fungu zima kwa jicho lingine. Akaamua kutogusa chochote na kuhamisha yote. Kiwanja walikubaliana kukisubiri, ingawa neno "walikubaliana" ni langu. Yeye alisema "tulinyamaziana wiki mbili".

Cha mwisho kilikuwa fomu ya wanufaika. Aliijaza 2021 kwa jina la mama yake peke yake, kabla ya ndoa na kabla ya mtoto. Wengi hudhani mahakama ya mirathi itapanga baadaye. Kwa sheria ya Kenya, mafao ya skimu ya uzeeni si sehemu ya mali ya marehemu inayogawanywa kwa mirathi. Fomu ndiyo wadhamini, yaani wasimamizi wa skimu, wanayoitazama kwanza. Aliibadilisha kabla ya siku yake ya mwisho kazini, kwa kuwa bima ilikuwa bado hai.

Matokeo

Neema aliondoka mwanzoni mwa Novemba 2024. Kufikia siku hiyo miezi miwili kati ya mitatu ilikuwa imerekebishwa. Oktoba 2022 ilibaki, kila mara ikiwa "inashughulikiwa".

Uhamisho wa akiba ulichukua miezi kadhaa zaidi kuliko alivyotarajia, kwa sababu skimu ya mwajiri mpya ilitaka karatasi ambazo ofisi ya zamani haikuwa na haraka ya kuzitoa. Bima ya mara tano ya mshahara wa mwaka iliisha alipoondoka. Mwajiri mpya ana bima, ila ni ndogo zaidi na huanza baada ya muda wa majaribio. Kwa miezi kadhaa, kama angefariki, mtoto wake angebaki na akiba bila bima. Hilo mimi sikumwambia mapema. Niliwaza akiba peke yake.

Mshahara mpya umemwondoa kwenye mkopo. Mkataba unaisha 2027, na bado hajui kama utaongezwa.

Uchambuzi

Ushauri wa Mzee ulikuwa sahihi kwa mtu asiye yule aliyekuwa mbele yake. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi Nairobi tangu 2021, na halitokani na ujinga. Ofisi za umma zimejifunza pensheni kwa kusimuliana, mkubwa akimrithisha mdogo, na kwa miongo mingi urithi huo ulifanya kazi kwa sababu kanuni ilikuwa moja. Sasa kanuni ni mbili na masimulizi bado ni moja. "Miaka kumi" imekuwa kama methali, inasemwa bila kuulizwa unazungumza na nani. Swali la kwanza kwa yeyote anayeomba ushauri lingekuwa: tarehe 1 Januari 2021 ulikuwa na miaka mingapi, au uliajiriwa baada yake? Ni dakika moja tu, na nusu ya mazungumzo inakuwa imeshanyooka.

Semina yangu ilirudia kosa lile lile nikiwa na picha za kuonyesha ukutani. Nilichanganya makundi mawili ndani ya chumba kimoja, nikaongea na lililonitazama. Tangu hapo ninawatenganisha. Wenye mvi saa tano, vijana saa nane. Baadhi ya wakuu wa idara wanalalamika kwamba ninawagawa watu.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko chochote ni Neema kupiga hesabu yake kabla ya kuiona taarifa. Angeiona 342,600 kwanza, angeshukuru na kuikubali, maana kwa mtu aliyedhani hana kitu hiyo ni bahati. Namba aliyokuja nayo ndiyo iliyofanya pengo lionekane. Mpango wa zamani haukumdai mtu kazi hii: mwezi ukipotea kwenye jalada, utumishi wako ungeweza kuthibitishwa kwa barua za ajira na uhamisho, na serikali ingelipa. Katika mpango mpya mwezi usiolipwa ni fedha ambazo hazikuwekezwa, na hata zikirudishwa miaka miwili baadaye, faida ya miaka hiyo miwili inahitaji kudaiwa peke yake. Neema aliidai kwa maandishi. Hajajibiwa kuhusu hiyo.

Sikubaliani na wanaosema vijana wameonewa tu. Mtu wa umri wa Neema, ambaye huenda akabadilisha kazi mara nne au tano, chini ya Sura ya 189 angefanya kazi karibu miaka minne bila kupata chochote. Sasa ameondoka na kitu kinachotembea naye. Lakini pia simfichi mtu kwamba hatari imehama. Mzee anaweza leo kupiga hesabu ya pensheni yake nyuma ya bahasha, na ikitimia isitofautiane sana. Neema hawezi, kwa kuwa inategemea soko, ada, wadhamini, na kama mwajiri anapeleka michango kwa wakati. Kumwambia "utapata zaidi" au "utapata kidogo" ni kubahatisha.

Kuhusu kiwanja cha Joska, mume anaweza bado kuwa sahihi. Ardhi upande ule imepanda kwa baadhi ya watu na imewaletea wengine hati mbili za kiwanja kimoja. Nilichomzuia Neema ni kuamua jambo hilo katika wiki ile ile aliyokuwa anaamua kazi.

Udhaifu mmoja wa mpangilio wetu wote ni kwamba marekebisho yalitegemea mzee mmoja mwenye rula. Ofisi ile ina vijana wengine saba walioajiriwa baada ya 2021. Nilipouliza ni wangapi wamewahi kuomba taarifa ya akaunti, mmoja aliinua mkono, na alikuwa ameiomba kwa sababu ya mkopo. Wiki iliyofuata Mzee aliwaita mmoja mmoja, kila mtu na pesilipu zake. Wawili walikuta mapengo.

Julai 2025 Neema alikuwa kwenye matatu akitoka Kilimani simu ilipolia. Mzee hakusalimia sana. "Binti, ile ya Oktoba imeingia. Nimeona barua masijala leo asubuhi. Nimetoa nakala mbili. Moja njoo uichukue, nyingine nimeifunga kwenye jalada lako." Neema alimkumbusha kwamba hana tena jalada pale. "Lipo," Mzee akasema, "kwenye droo yangu, chini ya langu."